Chumba Kisichopumua

Kila Jumapili, majirani wakiwa ibadani au wamejilaza, Nyemo alikuwa akichukua kisu cha jikoni na kuukwangua mlango wake mwenyewe. Si mlango hasa, bali miimo yake, pale ukuta ulipokuwa ukisogea. Wiki hii ulikuwa umesogea upana wa vidole viwili. Ute wake ulikuwa bado mbichi, mweupe kama maziwa yaliyoganda, na ulibanduka vipande vipande ukinuka uyoga. Alivikusanya vipande kwenye mfuko, akaufunga mara mbili, kwa uangalifu wa mtu anayeficha chupa za pombe.

Na huyu ndiye aliyeisanifu nyumba hiyo! Ndiyo, huyu huyu. Picha yake imetundikwa ukumbini, ghorofa ya chini, anacheka na kofia ya ujenzi kichwani, na chini yake pameandikwa: Nyemo Chibelenje, Msanifu wa Kichuguu, nyumba inayopumua.

Saa tano asubuhi, na nje joto limeshafika digrii arobaini na sita, Mama Sikudhani alitokea koridoni ameshika sahani ya uji kwa mikono miwili. Hakupiga hodi. Mama huyu alikuwa mkaanga maandazi wa ghorofa ya kumi, na sauti yake haikuhitaji simu.

"Msanifu, unafanya nini hapo?"

Nyemo akaficha kisu nyuma ya gauni. "Nasafisha."

"Unasafisha nyumba inayojisafisha? Haya, yako hayo. Tazama hii." Akamsogezea sahani puani. "Uji wa Bi. Mwanahawa, wa juu yangu. Jana nilimpandishia kwa kijilifti cha chakula, ukarudi. Nikanuna, nikasema bibi kanikasirikia. Leo nimempandishia tena, umerudi tena. Na hicho kijilifti chenyewe kimekwama katikati, nimekivuta kama navuta ng'ombe shimoni!"

"Labda hana hamu ya kula. Si yuko edani?"

"Eda haikatazi uji."

"Simu je?"

"Ameizima tangu arobaini ya mzee. Anasema kila ikiita anadhani ni mumewe."

Nyemo akamsogelea. "Mama Sikudhani, mara ya mwisho umemwona lini? Kumwona kwa macho."

Mama Sikudhani akaitazama sahani. "Siku hiyohiyo ya arobaini. Tuliposoma khitma."

"Hiyo ni mwezi mmoja na nusu."

"Chakula namtumia kila siku ya Mungu!" alifoka. "Kila siku, Msanifu! Nani mwingine anamtumia?"

Nyemo alikuwa ameshaanza kupanda ngazi, na kisu bado mkononi, amesahau kukiweka.

*

Ghorofa ya kumi na moja, baada ya chumba cha tano, kinafuata cha saba. Walisimama wakahesabu tena, kwa kidole. Cha tano. Cha saba. Katikati yao palikuwa na ukuta mtupu, laini, rangi ileile ya udongo mwekundu, na ungepita mara mia usijue kwamba hapo palikuwa na mlango na mtu anaishi ndani.

"Yarabi," Mama Sikudhani alinong'ona. "Mlango uko wapi?"

Nyemo alijua uko wapi. Aliweka kiganja ukutani, akausikia ukavu wake, akakwangua kwa ncha ya kisu. Kisu kiliteleza kama kwenye chungu. Ute hubaki mbichi ukuta ukiwa bado unasogea; mlango ukishaziba, kwa hari hii hukauka kwa nusu siku tu, na ukishakauka si ute tena, ni ukuta.

Akagonga kwa mpini. Kimya. Akagonga tena, akatega sikio. Kwa mbali sana, upande wa pili, kikagongwa kitu, kidogo, kama kijiko kwenye kikombe. Ko. Ko.

"Yu hai! Bi. Mwanahawa! Bibi!" Mama Sikudhani aliupiga ukuta kwa mikono yote miwili. "Tuko hapa, Bibi!"

Ko, kikajibu. Kisha kikanyamaza.

Hapa yafaa ieleweke Kichuguu kilivyoishi, maana kiliishi kweli. Nyemo alikuwa amekaa miaka mitatu porini akipasua vichuguu vya mchwa na kuchora njia za hewa. Aliona jinsi mchwa, katika nchi inayochoma, wanavyoishi kwenye ubaridi usiobadilika: hewa inaingia chini, inapita kwenye unyevu, inapanda, inatokea juu. Akachanganya udongo na nyuzi hai za uyoga, akaotesha nyumba ya ghorofa kumi na nne. Kuta zake zilikuwa na vinyweleo. Palipo na watu wanaopumua, vinyweleo vilifunguka na ubaridi ukaenda huko. Pasipo na watu, vilifumba. Nyumba ilisoma pumzi, ule unyevu na uvuguvugu wa kifua cha mtu. Moshi wa jiko haukuidanganya: ikinusa moto ilijifunga yote, kama ilivyofundishwa.

Na kutoka kwa mchwa alichukua kanuni moja zaidi. Chumba kilichokufa, mchwa hukiziba, kisiwanyonye walio hai. Nyemo akaiandika kanuni hiyo kwenye mbegu ya nyumba: chumba kisichopumua kifungwe.

Lakini kisichopumua kwa kiasi gani? Akapima. Katika nyumba ya majaribio aliweka watu kumi, kila mmoja na chumba chake, akapima pumzi za chumba cha mtu mmoja kwa mwaka mzima. Alipima kwa makini sana, jamani, hakuna wa kumlaumu kwa uvivu. Alichosahau ni kitu kimoja: alikuwa akipima chumba cha mtu mmoja katika nchi ambayo mtu hakai peke yake. Huyu anaingia kuomba chumvi, yule kaja kusuka, watoto wa jirani wamelala mkekani, shangazi kafikia hapo wiki ya tatu na haonyeshi dalili ya kuondoka. Pumzi alizoandika kuwa za mtu mmoja zilikuwa za mtu mmoja na ndugu, jamaa na marafiki. Kwa hiyo aliyekaa peke yake kweli, nyumba ilimhesabu kama hayupo.

Kisha watu wakahamia Kichuguu, wakaonja ubaridi. Kila familia na chumba chake kilichotulia kama mtungi. Joto la nje likazidi mwaka hata mwaka, korido zikawa za kupita haraka, na sahani zikaanza kupanda na kushuka kwa kijilifti. Watu wakajifungia.

Nyemo aligundua kosa miezi minne iliyopita, mlango wake mwenyewe uliposogea. Aliishi peke yake, akila juu ya michoro. Akajua siku hiyohiyo. Na hakusema, kwa sababu michoro iliyokuwa mezani ilikuwa ya Kichuguu cha pili, cha watu elfu nne, na kikao cha kuipitisha kilikuwa karibu. Nitarekebisha kwenye cha pili, alijiambia. Akanunua kisu.

*

Bwana Chiwanga, msimamizi wa jengo, aliitwa, akapanda ngazi akihema, shati limemganda mgongoni. Alikuwa mtu wa utaratibu, aliyebandika tangazo hata juu ya mahali pa kubandikia matangazo. Nyuma yake fundi mmoja alikuwa amebeba msumeno.

"Tukate," Mama Sikudhani alisema. "Mnangoja nini?"

Chiwanga akamtazama Nyemo. "Mwambie wewe, Msanifu."

Nyemo akaweka tena kiganja ukutani. "Tukikata, nyumba itaona imejeruhiwa. Itajifunga yote ipate kujitibu. Vinyweleo vyote, ghorofa zote. Kwa muda wa saa nane, pengine tisa."

"Na nje ni arobaini na saba sasa hivi," Chiwanga akaongeza. "Ndani humu mna watu mia sita na arobaini. Zahanati ghorofa ya tatu ina wagonjwa kumi na mmoja, na yule binti aliyejifungua mapacha juzi. Niwapeleke wapi? Juani?" Akajifuta uso. "Tungoje magharibi. Jua likizama tutakata, nyumba ijifunge itakavyo."

"Atafika magharibi?" Mama Sikudhani aliuliza.

Nyemo akapiga hesabu kwa vidole, ukubwa wa chumba, pumzi za bibi kizee, kijilifti kilichozibwa nacho. "Atafika saa kumi," alisema. "Akitulia, kumi na nusu."

Ilikuwa saa sita na robo.

Nyemo alichukua msumeno kutoka kwa fundi. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akaweka meno yake ukutani, na papo hapo akawaona wale mapacha, hawajapewa hata majina. Akauondoa. Akasikia tena, au alidhani amesikia, ko. Akaurudisha. Hasira zikampanda, akatamani mtu mwingine yeyote awe ndiye aliyeandika kanuni ile, ili amtukane mpaka achoke.

"Weka chini hicho kitu kabla hujaua mtu," Chiwanga alisema, si kwa ukali.

"Nikiweka chini nitakuwa nimeua mtu."

Mama Sikudhani alikuwa ameshakaa sakafuni. Alijitandaza na kanga yake, akaegemea ukuta, akaubandika mdomo pale palipokuwa mlango, akawa anamwambia Bi. Mwanahawa habari za ghorofa ya kumi, nani kaachika, nani kanunua friji hali hana cha kuweka ndani. Alisema na kulia, alisema na kulia. Alipoinua kichwa kufuta kamasi, Nyemo aliona ukutani, pale mdomo wake ulipokuwa, doa la unyevu lenye ukubwa wa sarafu. Na ndani ya doa, vinyweleo vitatu, vidogo kama tundu la sindano. Vimefunguka.

Nyemo alipiga magoti. Akapuliza. Doa likatanuka kidogo.

"Bwana Chiwanga," alisema taratibu, kana kwamba akipaza sauti wazo litakimbia. "Nyumba imekosa pumzi hapa. Tuipe pumzi. Wakikaa watu mia moja kwenye korido hii, kwa muda wa saa tatu hivi, itadhani hapa ndipo penye maisha. Italainisha ukuta wake yenyewe. Bila jeraha."

"Watu mia moja watoke vyumbani? Kwenye hari hii?"

"Ndiyo."

"Na vyumba vyao? Siku ya joto kama leo nyumba inabana matumizi, chumba kitupu kinaanza kufumba baada ya muda wa saa mbili. Wewe mwenyewe ndiwe uliyetufundisha! Mtu atarudi akute hana mlango, vitu vyake vyote ndani."

"Wengine, ndiyo."

"Nani atakubali?"

*

Kipaza sauti cha jengo kilikuwa ofisini kwa Chiwanga, ghorofa ya chini. Nyemo alikishika mara mbili, akakiachia mara mbili. Chiwanga alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mimi ni Nyemo, msanifu," alianza, na sauti yake ikamrudia kutoka ngazini, ngeni. "Bi. Mwanahawa, mke wa marehemu Mzee Ijengo, amezibiwa chumbani mwake, ghorofa ya kumi na moja. Yu hai. Nyumba imemziba kwa sababu anaishi peke yake na hakuna anayeingia. Kosa ni langu. Nilipima vibaya. Na nimelijua miezi minne, nikanyamaza." Alimeza mate. "Njooni mkae koridoni. Tunahitaji pumzi zenu mpaka saa kumi. Mkija, vyumba vyenu vinaweza kufungika. Nawaambia ukweli ili msije mkasema sikuwaambia. Wagonjwa na wenye watoto wachanga wasitoke."

Akazima. Chiwanga alikuwa anamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Miezi minne," alisema.

"Ndiyo."

"Na ile picha ukumbini naipitishia kitambaa kila Jumatatu."

Nyemo alipanda ngazi akitarajia kukutana na watu. Hakukutana na mtu. Ghorofa ya nne, milango imefungwa. Ya sita, mlango mmoja ulifunguka, jicho likachungulia, ukafungwa. Alipofika ya kumi na moja walikuwa saba tu, na saa saba ilikuwa imepita. Doa lilikuwa na ukubwa wa sahani, wala halikukua zaidi.

"Saba!" Mama Sikudhani alisimama. "Watu mia sita, wamekuja saba!"

Akashuka. Nyemo alimsikia ghorofa kwa ghorofa, maana nani asingemsikia? Alipiga kila mlango kwa mwiko wa maandazi. "Tokeni! Pilau ya msiba wa Mzee Ijengo mliila, au hamkuila? Wewe ulibeba na ya kwenda nayo, nilikuona! Mzee yule ameilisha nyumba hii pumba na maji kila alfajiri miaka sita, mgongo umepinda, ili ninyi mlale baridi. Leo mkewe anakata roho na ninyi mmefunika shuka! Na mimi nimo, simo? Mimi ndiye nilimtumia chakula kama anayelisha kuku, sikupanda ngazi ishirini kumwamkia! Tokeni tukaone haya wote pamoja!"

Hapo watu walitoka. Kwanza akina mama, na mikeka kwapani, maana mwili huujua msiba kabla ya akili. Kisha wazee. Kisha kwaya ya kanisa la jirani, waliokuwa wamerudi wakiwa bado na sare zao. Walikaa bega kwa bega, goti kwa goti, na joto la korido likapanda mpaka jasho likachuruzika sakafuni.

"Sasa tunafanya nini?" aliuliza mmoja.

"Kinachofanywa matangani," Nyemo alisema. "Kaeni tu. Ongeeni."

"Matanga ya mtu aliye hai?"

"Bora ya aliye hai!" Mama Sikudhani alijibu. "Aliyekufa anafaidi nini?"

Wakacheka, kicheko kikavu cha watu wenye hofu. Lakini kicheko nacho ni pumzi. Mzee mmoja akaanza kusimulia jinsi marehemu Ijengo alivyomwaga pumba zote ngazini siku ya uzinduzi. Kwaya ikachukua wimbo, sauti nne, na waliokuwa hawaujui wakaufuata kwa kuvuma. Saa nane na nusu Nyemo alihesabu watu themanini na wawili. Saa tisa, mia na ishirini. Mwanamume mmoja aliinuka, akasema anakwenda kuutazama mlango wake, akasimama kidogo, akakaa tena. Wa mwisho kuja alikuwa Bwana Chiwanga na kiti chake cha ofisini. Alikiangalia, akaona aibu, akakisukuma pembeni na kukaa chini kama wengine.

Nyemo hakukaa. Alizunguka, alipapasa, alitega sikio. Kile kijiko kilikuwa kimya tangu saa saba na nusu. Saa tisa na dakika arobaini ukuta ulitoa sauti, kama mtu anayekohoa usingizini, na katikati ya doa udongo ukalegea, ukaanguka tonge kwa tonge.

Lilikuwa tundu la ngumi. Hewa iliyotoka humo ilikuwa nzito na ya moto. Kisha ukatoka mkono. Mkongwe, mkavu, vidole vikipapasa upepo. Mama Sikudhani aliudaka akaukumbatia usoni kwake.

"Ni nani hao?" sauti ya ndani iliuliza, dhaifu.

"Sisi, Bibi. Majirani."

"Na wanaume wamo?"

"Wamo, Bibi."

"Basi wageuke. Mimi niko edani."

Wanaume wote, wa kwaya, wazee, fundi na msumeno wake, Bwana Chiwanga, waligeuka mara moja wakaupa mgongo ukuta. "Msiache kupumua!" Nyemo alipiga kelele, na korido nzima ikaangua kicheko, safari hii cha kweli. Tundu likapanuka mpaka bega likapita, na akina mama wakamtoa, mwepesi, amejifunika vizuri kitambaa chake cheupe.

Walimpa maji kijiko kwa kijiko. Nyemo alipiga magoti mbele yake. "Bibi, kwa nini hukutoka mlango ulipoanza kupungua? Kwa nini hukupiga kelele?"

Bi. Mwanahawa alimtazama, macho mekundu, bila hasira yoyote. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira.

"Niliuona, mwanangu. Kila siku kidogo, kila siku kidogo. Nikasema, watu wamesahau kwamba nina eda, ila nyumba imekumbuka. Nikadhani inanisitiri."

*

Jioni watu walirudi vyumbani. Milango kumi na tisa ilikuwa imefumba, na wenyewe walipokewa na majirani, wakilalamika na kucheka kwa zamu. Chiwanga alikuwa na orodha ya milango hiyo. Kesho, alisema, ataipeleka mbele ya kikao cha kupitisha Kichuguu cha pili, pamoja na maneno ya kipaza sauti, yote, na picha ya ukumbini ataishusha mwenyewe. Nyemo alimwambia atakwenda naye.

Mlango wake ulikuwa umebaki upana wa shubiri. Ute ulikuwa mbichi, unang'aa. Mfuko wa nailoni ulikuwa palepale alipouacha asubuhi. Kwa ndani aliweza kuiona meza, taa, na ncha ya michoro ya Kichuguu cha pili. Kisu alikuwa nacho. Robo saa ya kukwangua, na angeingia.

Alisimama hapo kwa muda mrefu kuliko robo saa. Kisha akakiweka kisu juu ya mfuko, akapanda ghorofa tatu, akasimama mbele ya tundu lililokuwa mlango wa chumba cha sita. Mtu alikuwa ametundika kanga pale.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, Bibi. Nyemo."

"Karibu, mwanangu. Una shida gani tena?"

"Sina shida, Bibi," Nyemo alisema, akavua viatu. "Nimekuja kukaa."